Ushauri wa Sista Nyosha

Wagonjwa walimwita Sista Nyosha kwa sababu neno hilo halikumkauka kinywani. Nyosha mguu. Nyosha kiwiko. Nyosha mgongo, mzee wangu, usinijie umejikunja kama shati la mtumba. Hakuwa nesi, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Lakini katika hospitali ile kila mwanamke mwenye nguo nyeupe alikuwa sista, naye alishachoka kuwasahihisha watu.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido. Kulikuwa na vitanda viwili vya mazoezi, vyuma viwili sambamba vya kushikwa na mtu anayejifunza kutembea upya, ngazi ya mbao yenye vidato vinne isiyokwenda popote, na kioo kirefu chenye ufa. Watu waliingia mle wakikokotwa, wakatoka kwa miguu yao. Si wote, lakini wa kutosha kumvimbisha mtu kichwa. Na Nyosha, tusimfichie siri, kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Katika miaka kumi na miwili ya kazi alikuwa ameokota imani moja akaishika kama msahafu: nusu ya ugonjwa ni kudekezwa. Alishawaona waliopooza upande mmoja wakilishwa kwa kijiko na binti zao, ilhali mkono wa pili ni mzima kabisa. Aliwafukuza mabinti chumbani, na baada ya wiki mbili baba anajilisha mwenyewe, tena anadai nyongeza. "Njaa ni mwalimu mkali kuliko mimi," alipenda kusema, na wenzake walicheka.

Ndipo akaletewa Redio.

Redio alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa aliweza kupigilia bati huku akisimulia mpira, harusi ya jirani na ugomvi wa mwenye nyumba na wapangaji, vyote kwa pumzi moja, asikose msumari hata mmoja. Asubuhi moja aliteleza juu ya mbao za kenchi ya paa zilizolowa umande, akaanguka, paji la uso likakutana na rundo la matofali. Alilala wiki tatu hajitambui. Alipozinduka, watu walisema Mungu mkubwa, maana mkono uliovunjika uliunga, macho yaliona, na jina la mkewe alilijua.

Nyosha alimpima siku ya kwanza akaridhika. Mikono ina nguvu. Miguu ina nguvu. "Simama," akasimama. "Tembea," akatembea, hatua nzuri za fundi aliyezoea mbao nyembamba, hadi akafika ukutani. Pale akasimama, pua ikikaribia kugusa rangi, akatulia.

"Geuka basi, baba, ukuta huo hauna mlango!" Nyosha alisema akicheka.

Akageuka.

Ndani ya faili kulikuwa na majibu ya picha ya kichwa. Mstari wa tatu ulisema kuna majeraha sehemu ya mbele ya ubongo, kulia na kushoto. Nyosha aliusoma kama mtu anavyosoma anwani ya barua isiyo yake. Chuoni walifundishwa ubongo muhula mmoja tu, na alichobaki nacho ni kwamba upande wa kushoto unaendesha mkono wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto. Kuhusu magonjwa ya akili walipelekwa siku mbili kutembelea wodi, wakarudi wameogopa, basi. Misuli aliijua kwa majina kama wanawe. Misuli ya Redio haikuwa na kasoro. Kwa hiyo, ilipopita wiki ya sita na mtu bado anakaa kama kifurushi hadi aambiwe, Nyosha alichukua kalamu akaandika: *Nguvu za viungo kamili. Hana nia. Mvivu.*

Mkewe alikuwa mpishi katika jiko la shule ya bweni, mwanamke mwembamba mwenye viganja vilivyobabuka kwa mvuke. Ijumaa moja alibaki nyuma baada ya mazoezi, Redio akiwa amekaa kitandani ambako alikuwa ameambiwa akae.

"Sista, mimi simwelewi," alisema kwa sauti ya chini. "Nikimwambia oga, anaoga. Nisipomwambia, anakaa na jasho la juzi. Nikimtia kijiko mkononi nikasema kula, anakula. Nikisahau kusema, chakula kinapoa mbele yake. Zamani nilikuwa namwomba anyamaze nipate usingizi. Sasa usingizi ninao, na siutaki."

"Unamfanyia kila kitu?"

"Nitafanyaje? Mama mkwe anasema namtunza kama mtu wa kuazima. Shemeji anasema nimchangamshe. Mimi mwenyewe najiuliza, labda ana huzuni?"

"Ana raha, si huzuni," Nyosha alisema. "Nani asiyetaka maisha ya kuambiwa fungua mdomo? Dada, nisikilize. Usimdekeze. Mwekee maji mezani, mwekee chakula, halafu nyamaza. Usimwambie kula, usimwambie kunywa. Akihisi njaa atanyoosha mkono. Mtu mzima hafi njaa mbele ya sahani."

"Na asiponyoosha?"

"Atanyoosha. Mpe Jumamosi na Jumapili. Jumatatu utakuja hapa unacheka."

Mke alimtazama mumewe, kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea dawa chungu na kuambiwa asiache dozi.

Jumamosi saa nane mchana simu ya Nyosha ililia. Alikuwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Sista, samahani kukusumbua. Tangu chakula cha jana usiku hajagusa kitu. Hata maji. Joto hili, na nyumba yetu unajua ni ya bati."

"Vumilia."

"Midomo imeanza kukauka."

"Dada, anakupima. Ukilegeza leo, umeharibu kazi ya wiki sita. Vumilia, usilegeze."

Akakata simu, akamwambia msusi aendelee. Jioni simu ililia tena na yeye hakuisikia, au alisema hakuisikia. Hilo alilirudia moyoni mara nyingi baadaye, na kila mara lilikuwa dogo zaidi na ovu zaidi.

Yaliyofuata aliyajua vipandevipande. Jumamosi hiyo, kabla ya kulala, mke alishindwa akamwambia anywe nusu kikombe cha maji, akaona haya kana kwamba ameiba. Jumapili ilikuwa zamu yake shuleni, kuanzia alfajiri hadi jioni. Alimwandalia mumewe jagi la maji, mkate na sahani iliyofunikwa, vyote mezani, mbali na mkono wake kiasi cha shubiri mbili. Akamkalisha kwenye kiti. Hakusema kula. Hakusema kunywa. Akaenda kazini akapikia watoto mia tatu wa watu wengine, na kila alipoinua mfuniko wa sufuria alimwona mumewe akinyoosha mkono, kwa sababu ndivyo alivyoahidiwa.

Aliporudi jua likizama, jagi lilikuwa limejaa vilevile. Mkate ulikuwa na sisimizi. Redio alikuwa kwenye kiti kilekile, suruali imelowa na kukauka, midomo imepasuka, macho wazi. Alimtazama mkewe akiingia. Hakusema neno. Mke akapiga yowe, akamshikisha jagi, "Kunywa! Kunywa!" Naye akanywa lote, akapewa la pili akanywa lote, akatapika, kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka, macho yakageuka meupe.

Jumatatu asubuhi Nyosha alimkuta wodini, dripu mkononi, mpira wa mkojo ukining'inia kando ya kitanda. Mama yake Redio alikuwa ameketi karibu na kichwa cha mwanawe kama askari wa lindo. Mke alikuwa nje ya mlango, kwenye benchi, kwa kuwa alikatazwa kuingia. Alikuwa bado amevaa aproni ya shule.

Walipokutana macho, Nyosha aliangalia pembeni kwanza.

Daktari wa zamu alikuwa ameandika: *Upungufu mkubwa wa maji mwilini, figo zimeathirika. Inashukiwa mgonjwa ametelekezwa nyumbani.* Kufikia mchana habari ilikuwa imezunguka wodi zote na kurudi ikiwa na mkia: kuna mwanamke amemnyima mumewe maji siku mbili ili afe aolewe kwingine. Wafagiaji walipita kwenye benchi lile polepole ili wamwone vizuri. Ofisa wa ustawi wa jamii alifungua faili. Kaka mkubwa wa Redio, fundi naye, alisema atamchukua mdogo wake, na mwanamke arudi kwao.

Nyosha alikwenda kwa mkuu wake wa kitengo na kufunga mlango.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema.

Mkuu alikuwa mtu wa kupenda mambo yakae kimya. Alivuta faili, akalisoma, akalifunga. "Hapa umeandika 'familia imeshauriwa kumhimiza mgonjwa ajitegemee'. Ushauri mzuri kabisa. Hakuna mahali umeandika asipewe maji."

"Sikusema asipewe. Nilisema asiambiwe anywe."

"Basi unaona? Yeye hakukuelewa. Watu hawaelewi. Nenda kafanye kazi."

Ilikuwa faraja, na Nyosha aliipokea. Aliibeba Jumatatu, akaibeba Jumanne. Jumatano alimkuta mke wa Redio kwenye benchi lilelile, aproni sasa ameikunja mapajani. Alipoulizwa kama amekula, alijibu, "Sina hamu, sista," bila hasira yoyote, kwa adabu ileile ya mgonjwa anayeogopa kumuudhi mwenye dawa. Faraja ikaoza mkononi.

Kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili aliyefika hospitali ile mara moja kwa wiki, watu wakamwita Daktari wa Alhamisi. Chumba chake kilikuwa karibu na dobi, na waliomsubiri walikaa wakitazama ukuta ili jirani akipita asiwatambue. Katika miaka kumi na miwili Nyosha hakuwahi kumpelekea mgonjwa hata mmoja. Alhamisi ile aliingia akiangaza kushoto na kulia, kama shemasi anayeingia baa mchana kweupe.

Ndani alimkuta mwanamke mnene mwenye mafua, miwani ikining'inia kifuani, anabangua karanga juu ya gazeti.

"Kaa. Nani anaumwa, wewe au mwingine?"

"Mgonjwa wangu."

"Wote husema hivyo."

Nyosha akaeleza. Alipofika kwenye jagi la maji, daktari aliacha karanga. Alipomaliza, daktari alisimama, akafuta mikono, akasema, "Twende tukamwone."

Redio alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mama yake alisogezwa kidogo, akasogea kwa kinyongo. Daktari alivuta kiti.

"Fundi, habari za leo?"

"Nzuri."

"Una huzuni?"

"Hapana."

"Ukibaki peke yako unalia?"

"Hapana."

"Usingizi unaupata? Unajilaumu kwa lolote? Unatamani ungekufa siku ile ulipoanguka?"

"Napata. Hapana. Hapana." Alijibu yote kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi vifaa vya kazi.

"Vizuri. Nitajie wanyama wote unaowajua, usiache mpaka nikuambie basi."

"Mbwa," Redio alisema. "Ng'ombe."

Kisha kimya. Daktari alitazama saa yake. Dakika nzima ikapita, na uso wa Redio haukuonyesha mtu anayetafuta wala aliyekwama. Ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

"Mbuzi je, humjui?"

"Namjua."

"Simba?"

"Namjua."

"Fundi, Jumapili ulikuwa na kiu?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana."

Mama yake akaweka kiganja mdomoni.

"Maji yalikuwa wapi?"

"Mezani."

"Uliyaona?"

"Niliyaona."

"Mkono ulikuwa unauma?"

"Hapana."

"Sasa mbona hukunywa?"

Redio alimtazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza kitu kidogo kilipita kwenye paji lake lenye kovu, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali sana na hana hakika kama ni yeye.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini?"



Nje, kwenye korido, daktari alipenga kamasi, akakunja leso. Nyosha alikuwa ameegemea ukuta.

"Mwenye huzuni ana mzigo," daktari alisema. "Atakuonyesha au atauficha, lakini upo. Hapati usingizi, anajilaumu, chakula kimekosa ladha, kesho haina maana. Mvivu naye ukimkausha koo siku moja, ataruka kuliko mimi na wewe. Fundi huyu si huyo wala si yule. Ana mafuta, magurudumu mazima, injini nzima. Stata ya kuiwasha imekufa. Ile sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayosema 'haya, sasa anza'. Yake imeumia. Kiu anaisikia, maji anayaona, mkono anao, lakini kutoka kwenye kiu hadi kwenye mkono hakuna barabara. Neno la mkewe ndilo lilikuwa barabara. Wewe ukamwambia aifunge."

"Ningejuaje, daktari?"

Nyosha alitumaini ataambiwa kwamba asingejua. Daktari alivaa miwani.

"Imeandikwa kwenye faili, mstari wa tatu. Na kama hukujua maana yake, mimi huwa hapa kila Alhamisi. Unafundisha miguu kutembea, dada, na miguu haina akili. Unadhani nani anaiendesha?"

Daktari alitia leso mfukoni.

"Kuhusu mgonjwa nitakuandikia la kufanya. Hilo lingine uliloingia nalo chumbani kwangu halina vidonge."

Ijumaa ndugu waliitwa katika ofisi ya ustawi wa jamii, chumba kidogo chenye feni iliyolalamika kila inapozunguka. Ofisa alikaa mezani na kalamu yake. Upande mmoja walikaa mama yake Redio na kaka mkubwa. Upande wa pili mke, peke yake. Mama mkwe alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti kilichobaki kando yake, asije mtu akakikalia. Nyosha na mkuu wake waliitwa ili waeleze hali ya viungo tu.

"Mimi sina maneno mengi," mama mkwe alianza. "Huyu alitoka kwao na mikono miwili, atarudi kwao na mikono hiyohiyo. Mwanangu nitamlea mwenyewe, sijazeeka kiasi cha kushindwa kumpa mwanangu maji."

"Mke ana la kusema?" ofisa aliuliza.

"Nilifanya nilivyoambiwa," mke alisema akitazama sakafu.

"Na nani?" kaka aliuliza kwa ukali. "Na shetani?"

Mkuu alimkanyaga Nyosha mguu chini ya kiti. Nyosha alijikuta amesimama, jambo la kijinga, maana chumba kilikuwa kidogo na hakuna aliyehitaji kusimama.

"Na mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia amwekee maji asimwambie anywe. Nilisema mgonjwa ni mvivu. Si mvivu. Ubongo wake umeumia mahali ambapo mtu huanzia kutenda, na hilo nilipaswa kulijua. Mke huyu alikuwa anafanya sawa tangu mwanzo, tena bila kufundishwa na mtu. Alikuwa anamwambia kula, kunywa, oga. Ndicho kilichomweka mumewe hai wiki sita. Mimi ndiye niliyemzuia."

Feni ililalamika. Ofisa alikuwa ameacha kuandika. Nyosha akaketi, kifua kimekuwa chepesi. Alidhani amemaliza.

"Na simu, sista?" mke alisema.

Alikuwa ameinua uso. Sauti haikupanda.

"Nilikupigia Jumamosi saa nane. Nikakwambia midomo inakauka. Ukaniambia ananipima. Nikapiga tena jioni, hukupokea. Mbona hilo huwaambii?"

Kumbe hata katika kukiri Nyosha alikuwa amejikatia kipande cha kuficha.

"Ni kweli," alisema. "Alinipigia. Nilikuwa saluni. Nikamwambia avumilie."

Mama mkwe alimgeukia kwa mwili wote. "Saluni," alisema taratibu. "Wewe binti, una mama? Nani alikupa ruhusa ya kumshindisha mwanangu na kiu kama maksai anayefunzwa jembe?"

"Hakuna, mama."

"Usiniite mama."

Mkuu alianza maneno ya kulainisha, kwamba hospitali inasikitika na kwamba taratibu zitaangaliwa. Kaka alimwambia anyamaze, naye akanyamaza. Yule kaka alikuwa ameinama, viwiko magotini. Baada ya muda alisema, bila kumtazama mtu, "Shemeji, nilikuita muuaji mbele ya watu." Mama mkwe hakusema samahani, hakuwa mtu wa neno hilo. Alichofanya ni kuchukua mkoba wake kutoka kwenye kiti na kuuweka mapajani. Kiti kikabaki wazi. Mke alikiona, kila mtu alimwona akikiona, naye hakuhama.

Redio alirudi nyumbani kwa mkewe baada ya siku tisa. Faili la ustawi wa jamii lilifungwa. Nyosha alipewa barua ya onyo na kuondolewa kwa wagonjwa miezi mitatu, akapelekwa stoo kuhesabu magongo na kukaza nati za viti vya magurudumu. Baadhi ya wenzake walisema ameuza kitengo kizima ili aonekane mtakatifu. Mke wa Redio aliomba mtaalamu mwingine, akapewa.

Kila Alhamisi, baada ya kufunga stoo, Nyosha alikwenda chumba cha karibu na dobi, akakaa kwenye kona, akasikiliza. Alimwona mzee aliyepata kiharusi akiangua kilio katikati ya maongezi ya bei ya saruji, na daktari akimweleza mwanawe kwamba machozi yale hayakutoka moyoni, breki yake ndiyo imekatika. Alimwona mama aliyepooza mkono wa kushoto akiapa kwamba mkono u mzima, kwamba huo uliolala pale ni wa nesi, na akajifunza kwamba huo si ubishi. Aliona binti wa miaka kumi na mitano aliyechapwa shuleni mwaka mzima kwa kuduwaa darasani, kumbe ni kifafa kidogo kisichoangusha mtu. Daktari hakumfundisha kwa upole. Akikosea aliambiwa amekosea mbele ya mgonjwa.

Jioni moja alifungua kabati la mafaili yake ya zamani. Alikaa sakafuni akayasoma moja baada ya jingine. Neno *mvivu*, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri wa kulala, alilikuta kwenye mafaili kumi na moja. *Hana ushirikiano* aliacha kuhesabu. Wawili kati ya wagonjwa wale kumi na mmoja walikuwa wameshafariki, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwingine alikuwa dereva wa lori, kijana aliyegeuka mtukanaji baada ya ajali, ambaye Nyosha alimfukuza chumbani kwa kumtukana. Alipiga namba iliyokuwa kwenye faili. Sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haitumiki.

Habari za Redio alizipata kwa mtaalamu mwenzake. Mke alikuwa amerekodi sauti yake kwenye simu: kila baada ya saa mbili simu ilimlilia mumewe mfukoni na kusema, "Kunywa maji sasa. Nenda chooni. Kaa kivulini." Naye alitii. Kaka yake alikuwa akimchukua kazini siku za Jumamosi. Ukimwambia piga msumari, alipiga, msumari unakwenda wima kama zamani. Siku moja walimsahau juu, bati likaisha, akaendelea kupigilia kwenye mbao tupu hadi misumari ikaisha mfukoni. Mafundi walicheka sana, kisha mmoja akaacha, kisha wote.

Ilikuwa mwezi wa saba alipowakuta uso kwa uso, mbele ya dirisha la dawa. Redio alikuwa amekaa, shati safi, ndevu zimenyolewa. Mke alikuwa amesimama na karatasi ya namba. Nyosha alitaka kurudi nyuma, lakini alishaonwa.

"Hujambo, dada," alisema.

"Sijambo." Mke alitazama dirisha, halafu akamsogelea hatua moja. Nyosha alisubiri lawama. Alikuwa ameitayarishia nafasi muda mrefu. "Sijakusamehe. Nataka ujue hivyo. Lakini kuna kitu nataka kuuliza, na sina mwingine wa kumuuliza. Shemeji ataona haya, mama mkwe atalia."

"Uliza."

"Nikimuuliza unanipenda, anasema ndiyo. Hapohapo, hachelewi. Nisipouliza, hasemi. Nilinyamaza miezi miwili nikisubiri aanze mwenyewe hata siku moja. Hakuanza." Alikuwa akikunja karatasi ya namba na kuikunjua. "Wewe umesoma, siku hizi nasikia unasoma zaidi. Hiyo 'ndiyo' yake, inatoka kwake? Au ni yangu mwenyewe, namwekea mdomoni kama kijiko?"

Zamani Nyosha angekuwa na jibu kabla swali halijaisha. Hata sasa majibu mawili matatu mazuri yalimjia, ya kumliwaza mtu. Alimtazama Redio, ambaye alikuwa akitazama mbele, mikono magotini, mikono mizuri yenye nguvu kamili.

"Sijui," alisema.

"Na daktari wako?"

"Nilimuuliza juu ya watu kama yeye. Alisema kuna mambo hayaonekani kwenye picha ya kichwa. Naye hajui."

Mke alimtazama kama mtu aliyetembea mbali hadi dukani akakuta limefungwa. Dirishani wakaita namba yake. Alikwenda, akapokea dawa, akazihesabu moja moja, akazitia kwenye mkoba. Alirudi akamgusa mumewe begani.

"Simama, twende nyumbani," alimwambia, na Redio akasimama.